Usuluhishi wa Migogoro ya Ardhi
Tuseme mkulima na mfugaji wanagombea shamba huko Handeni au Korogwe. Kabla ya kufungua shauri katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lazima wapitie Baraza la Kata. Zingatia: tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata haliamui tena nani mwenye haki, linasuluhisha tu, ndani ya siku 30. Hakimu hutoa hukumu, lakini msuluhishi huwasaidia wadaawa wapatane wenyewe, waendelee kuishi kama majirani. Ibara ya 107A(2)(d) ya Katiba nayo inazitaka mahakama kukuza usuluhishi. Katika mtihani, usiandike kwamba msuluhishi “anahukumu”.