Mgawaji wa Anwani na Awe Mmoja

Kila askari aliyepata kupokea bunduki katika ghala la silaha ajua kwamba silaha moja haiandikwi kwa watu wawili. Namba hulinganishwa na daftari, mpokeaji hutia sahihi, na siku ya kurudisha hujulikana. Kompyuta za kambini na za kituo cha polisi nazo zahitaji nidhamu hiyo. Kila moja iliyoungwa katika mtandao sharti iwe na anwani yake. Mbili zikishika anwani moja, mawasiliano yao huvurugika.

Awali mafundi waliziandika anwani hizo kwa mkono, kompyuta moja baada ya nyingine. Mwezi wa Oktoba 1993 ulitangazwa utaratibu uitwao DHCP, ukarekebishwa Machi 1997, nao ndio unaozigawa hadi leo bila mkono wa mtu. Kompyuta ngeni huuliza kwa sauti ya kusikiwa na wote: ni nani agawaye anwani? Mgawaji, ambaye mara nyingi ni ruta, huitajia anwani moja. Kompyuta huiomba rasmi, na mgawaji huithibitisha na kuiandika. Anwani hiyo ni ya kuazimwa. Nusu ya muda ikiisha, kompyuta huomba kuongezewa.

Fundi aanze kwa kuipa ruta yenyewe anwani isiyobadilika, tuseme 192.168.10.1. Kisha azitenge zile zinazoishia na 2 hadi 20 kwa ajili ya printa na mashine nyingine zipasazo kupatikana pale pale kila siku. Kuanzia 21 hadi 254, yaani anwani 234, ziwe akiba ya kugawa. Mwisho aandike lango la kutokea nje, mahali pa kuulizia majina, na muda wa kuazima. Kompyuta ikionyesha anwani inayoanza na 169.254, ni dalili kwamba haikumpata mgawaji.

Hapa ndipo tunapowaomba ndugu zetu wakaze macho. Utaratibu huu kwa kawaida haudai kitambulisho: kompyuta humwamini yeyote aliyewahi kujibu. Mtu akichomeka ruta aliyoileta kutoka nyumbani, hata kwa nia njema, yaweza kugawa anwani zisizofaa na kuwakatia wenzake mawasiliano. Mwenye nia mbaya naye aweza kujitangaza kuwa ndiye lango, taarifa ziendazo nje zikapitia mikononi mwake, na ofisi isishuku neno.

Dawa ipo. Swichi nyingi za ofisini zaweza kuamriwa ziuamini mlango mmoja tu, ule unaomwelekea mgawaji halali, na kuyatupa majibu ya ugawaji yatokayo milango mingine. Lakini kwa kawaida ulinzi huo hauji umewashwa. Fundi sharti auwashe.

Basi kila mkuu wa kituo na amwulize fundi wake leo: mgawaji wetu ni yupi, na mlango wake ni upi? Lango la kambi halikosi mlinzi. Na lango hili pia lisikose.