Kabla Hujasema Mtoto ni Mzito

Mwaka 2013 nilikuwa na mwanafunzi wa darasa la pili ambaye niliamini anasoma kuliko wenzake wote. Nikimwita, alisimama, akashika kitabu kwa mikono miwili na kutiririsha ukurasa mzima bila kukwama. Siku moja nilifunika picha kwa kiganja, nikamwonyesha neno moja katikati ya sentensi: "shamba". Akanyamaza. Nikamwonyesha jingine: "jembe". Akanitazama usoni, akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, naomba nianzie mwanzo." Alikuwa ameukariri ukurasa ule kwa kuwasikiliza wenzake, na picha ndiyo iliyomkumbusha pa kuanzia. Herufi zenyewe hakuzijua.

"Yule ni mzito," niliwaambia wenzangu katika chumba cha walimu, na hakuna aliyebisha, maana kila darasa lilikuwa na wazito wake. Mwisho wa muhula nikaandika kwenye ripoti: "Aongeze bidii." Bidii gani tena? Mtoto anayeweza kukariri ukurasa mzima kwa kusikia tu ana bidii na ana akili. Kilichokosekana ni mafunzo yangu.

Jina la Siegfried Engelmann nililikuta miaka michache baadaye, nilipokuwa nikisomea shahada wakati wa likizo, kama walimu wengi wa Kenya tunavyofanya kila shule zinapofungwa. Engelmann alizaliwa Chicago mwaka 1931 na kufariki mwaka 2019. Hakusomea ualimu. Alisoma falsafa katika Chuo Kikuu cha Illinois, kisha akaingia kwenye kazi ya matangazo ya biashara. Huko alijiuliza swali ambalo sisi walimu tungepaswa kuwa wa kwanza kuliuliza: mtoto aelezwe jambo namna gani, na mara ngapi, ndipo limkae? Akaanza kuwafundisha hesabu watoto wake pacha nyumbani. Mwaka 1964, akiwa na Carl Bereiter, alianza kufundisha darasa la chekechea mjini Urbana, Illinois, kwa watoto wa familia maskini ambao wengi waliwadhania hawataweza masomo. Hapo ndipo ilipokulia mbinu iitwayo ufundishaji wa moja kwa moja.

Wazo kuu la Engelmann ni kwamba mara nyingi mtoto anayekosea ametumia akili yake sawasawa. Amechukua tulichomwonyesha, akakielewa kwa njia mojawapo kati ya njia kadhaa zilizowezekana. Basi ni kazi ya mwalimu kupanga mifano yake mpaka ibaki maana moja tu.

Nitoe mfano wa jikoni mwetu. Nikikata chapati katikati na kusema "hii ni nusu", nimesema kweli. Lakini mtoto ameona kipande cha chapati, na anaweza kuondoka akiamini kwamba kila kipande ni nusu. Ndiyo maana nyumbani watoto hugombania "nusu kubwa". Siku hizi nakata duara mbili za karatasi. Ya kwanza naikata sawasawa: "Hii ni nusu." Ya pili nasogeza mkasi pembeni kidogo: "Hii si nusu." Kila kitu kimebaki vilevile isipokuwa mahali pa kukatia. Kisha nabadilisha vitu: mkate, kamba, chupa ya maji. "Na hii je?" Hata mtoto wa dawati la nyuma anaelewa nusu ni nini, kwa sababu ameonyeshwa na ile isiyo nusu.

Katika kusoma, Engelmann alikuwa makini vivyo hivyo. Mwaka 1983 yeye na wenzake walitoa kitabu cha kuwasaidia wazazi kumfundisha mtoto kusoma Kiingereza kwa masomo 100. Miongoni mwa sauti za mwanzo ni m na s, kwa kuwa zinavutika. Mtoto huweza kuzishikilia mdomoni, mmmm, huku akitafuta sauti inayofuata. Herufi d inakuja mapema, lakini b inasubiri masomo mengi, mpaka d iwe imekaa imara. Hebu tazama alfabeti iliyobandikwa kwenye kuta za madarasa yetu: a, b, ch, d. Herufi mbili zinazofanana kama pacha tunazifundisha karibu karibu, kisha tunamgombeza mtoto kwa kuzichanganya.

Mtoto akikosea, mwalimu wa mbinu hii hamwambii "fikiria tena". Asiyejua atafikiria nini? Mwalimu anatamka jibu sahihi, wanalitamka pamoja, kisha mtoto analitamka peke yake. Wanarudi nyuma kidogo na kulifikia tena. Baada ya dakika chache, mtoto akiwa ameshughulika na mambo mengine, anaulizwa lile lile kwa mara nyingine. Hakuna kelele wala aibu, na hakuna kuvuka hatua kabla haijashikwa. Bandu bandu huisha gogo.

Sisi wa Pwani kuitikia kwa pamoja si jambo geni. Chuoni, yaani madrasa, tuliimba alifu, be, te kwa sauti moja hadi mtaa mzima ukatusikia. Lakini sauti ya pamoja huficha watu, na mwanafunzi wangu alijificha humo mwaka mzima. Ndiyo sababu katika mbinu hii mwalimu hutoa ishara, ya mkono au ya kidole, ili wote wajibu kwa mpigo mmoja na asiwepo wa kudandia jibu la jirani. Baada ya hapo huita mmoja mmoja.

Je, mbinu hii imepimwa? Imepimwa sana. Katika vita dhidi ya umaskini vilivyotangazwa na Rais Lyndon Johnson, serikali ya Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960 ilianzisha mradi ulioitwa Follow Through. Mradi huo ulijaribu mbinu mbalimbali za kufundishia kwa makumi ya maelfu ya watoto wa madarasa ya chini katika maeneo maskini. Matokeo yalitolewa mwaka 1977, na watoto waliofundishwa kwa mbinu ya Engelmann waliongoza katika stadi za msingi. Waliongoza pia katika mambo ambayo wapinzani wake walidhani yangeharibika: kutatua matatizo na kujiamini. Katika mbinu nyingine kadhaa, watoto waliachwa nyuma na wenzao ambao hawakuwa katika mradi kabisa.

Matokeo hayo hayakumaliza mjadala. Mwaka 1978 wataalamu, wakiwemo Ernest House na Gene Glass, waliandika kwamba mitihani iliyotumika ilipima mambo machache mno, na kwamba mbinu ile ile ilifanikiwa katika mji mmoja na kushindwa katika mwingine. Mwaka 2018 Jean Stockard na wenzake walikusanya tafiti 328 za nusu karne, wakakuta mbinu hii imesaidia katika kusoma, hesabu, lugha na tahajia. Ni haki msomaji ajue kwamba Stockard alifanya kazi na taasisi inayoieneza mbinu hiyo.

Lawama inayosikika sana kutoka kwa walimu ni kwamba mbinu hii humgeuza mwalimu kasuku wa kusoma maneno yaliyoandikwa na mwingine. Siipuuzi lawama hiyo. Mwaka 2018 Benjamin Piper na wenzake walichunguza miongozo ya walimu katika nchi kadhaa zinazoendelea, wakaona kwamba ile iliyomwandikia mwalimu kila neno haikufaulu kama ile iliyorahisishwa. Mwalimu anahitaji njia iliyonyooka na nafasi ya kutumia macho yake. Kwangu mwongozo mzuri unanipunguzia kazi ya kutunga maneno usiku, ili asubuhi nipate kumtazama mtoto.

Njia hiyo Wakenya tunaijua kwa jina la Tusome. Mwaka 2015 Wizara ya Elimu, kwa ufadhili wa Marekani na Uingereza, iliupeleka mpango huu wa kusoma Kiswahili na Kiingereza katika madarasa ya chini ya shule za umma nchini kote. Si kazi ya Engelmann, lakini hatua za mpango huu ni ndugu na za mbinu yake: kwanza mwalimu anafanya, kisha tunafanya sote, kisha mtoto anafanya mwenyewe. Darasani kwangu, ambako watoto watano walikuwa wakigombania kitabu kimoja, kila mtoto alipata chake. Na afisa wa mtaala akaanza kuja na kishikwambi, akikaa nyuma ya darasa kunitazama, kisha akiita watoto wachache wamsomee. Mara ya kwanza nilitetemeka. Baadaye nilimsubiri kwa hamu, maana hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniuliza watoto wangu wanasoma kweli au wanaimba.

Wakati huo yule mvulana aliyekariri ukurasa alikuwa amefika darasa la nne. Mpango uliishia darasa la tatu, na yeye ulimpita. Nikamwomba mwalimu wake aniachie dakika 20 kila siku baada ya chakula cha mchana, chini ya mwarobaini. Tulianza na m na a, kama mtoto wa chekechea, na mwanzoni aliona haya, akawa anageuka kuangalia kama wenzake wanatuona. Sauti hazikumsumbua sana, kumbe. Kilichomsumbua ni kuamini kwamba ameruhusiwa kusoma polepole. Muhula wa pili nilimpa ukurasa ambao hakuwahi kuuona wala kuusikia, usio na picha. Akaufuata kwa kidole, neno baada ya neno, akakwama mara tatu, mara zote akajikwamua mwenyewe. Hakuomba kuanzia mwanzo.

Mwalimu mwenzangu, na wewe mzazi unayesoma haya, leo jioni chukua kitabu cha mtoto wako, funika picha na umwonyeshe neno moja katikati ya ukurasa. Akinyamaza, usimgombeze na usimwite mzito. Mwonyeshe, someni pamoja, kisha mwachie asome peke yake. Kesho mrudie tena.