Mazoezi ya muziki nyumbani

Mazoezi ya muziki nyumbani ni kujifunza au kurudia kupiga ala ya muziki, au kuimba, mahali mtu anapoishi badala ya shuleni, klabuni, kanisani au ukumbini. Mazoezi hayo yanahitaji mambo mawili ambayo nyumba nyingi hazikujengwa kwa ajili yake: mahali ambapo sauti haitawasumbua watu wengine, na mahali ambapo ala itakaa salama wakati haipigwi.

Mwanafunzi wa muziki kwa kawaida hukutana na mwalimu wake saa chache tu kwa wiki. Ustadi wa vidole, pumzi na sikio hujengwa katika siku zilizobaki, mtu akiwa peke yake. Kwa sababu hiyo ukosefu wa nafasi nyumbani unaweza kumfanya mwanafunzi mwenye kipaji aache muziki. Vilevile ala iliyowekwa vibaya huweza kupasuka, kupinda au kuliwa na wadudu, na kuitengeneza mara nyingi ni ghali au haiwezekani.

Historia

Katika jamii nyingi za Afrika ngoma, zeze na marimba zilipigwa uani, chini ya mti au katika uwanja wa kijiji. Huko nje sauti hutawanyika, wala hakuna ukuta wa kuirudisha. Tatizo la mazoezi lilikua pamoja na miji, watu walipoanza kuishi katika vyumba vinavyogusana ukuta kwa ukuta, au katika maghorofa ambapo sakafu ya mmoja ni dari ya mwingine.

Mfano unaojulikana sana ni wa Sonny Rollins, mpiga saksofoni wa jazz kutoka Marekani. Mwaka 1959, akiwa tayari na sifa kubwa, aliacha kupiga mbele ya watu ili ajifunze upya. Aliishi katika nyumba ya ghorofa jijini New York na hakutaka kuwasumbua majirani, hasa mama mmoja mjamzito. Basi alikwenda kufanya mazoezi juu ya daraja la Williamsburg, mchana na usiku, majira ya joto na ya baridi, hadi mwaka 1961. Albamu aliyoitoa mwaka 1962 baada ya kurudi inaitwa *The Bridge*, yaani "Daraja".

Ugomvi wa kelele za ala umewahi pia kuleta maafa. Mwaka 1974, katika mji wa Hiratsuka nchini Japani, mwanamume mmoja aliwaua mama na binti zake wawili waliokuwa majirani zake, akilalamikia sauti ya piano. Tukio hilo lilizua mjadala mkubwa nchini humo kuhusu kelele katika nyumba za maghorofa. Mwaka 1993 kampuni ya Yamaha ilianza kuuza piano ambayo nyundo zake zinaweza kuzuiwa zisiguse nyuzi, na mpigaji akajisikia mwenyewe kupitia vipokea sauti vya masikioni.

Jinsi sauti inavyopita

Sauti hutoka katika chumba kwa njia mbili. Ya kwanza ni hewa: sauti hupita katika madirisha, nafasi iliyo chini ya mlango, matundu ya hewa na sehemu ya juu ya ukuta isiyofika kwenye paa. Ya pili ni jengo lenyewe. Miguu ya piano, kanyagio la ngoma kubwa au ncha ya cello hutikisa sakafu, na mtikisiko huo husafiri katika zege hadi vyumba vya mbali.

Ukuta huzuia sauti kwa uzito wake. Ukuta wa tofali au zege huzuia zaidi ya ukuta wa mbao nyembamba, lakini faida yake hupotea ikiwa mlango una mwanya. Kwa hiyo hatua ya kwanza na ya bei nafuu ni kuziba mianya kwa nguo, mpira au zulia lililokunjwa.

Watu wengi huchanganya kuzuia sauti isitoke na kupunguza mwangwi ndani ya chumba. Sifongo, mapazia, magodoro na nguo hunywa sauti na kupunguza mwangwi, hivyo mpigaji husikia noti zake vizuri zaidi. Vitu hivyo ni vyepesi, na haviwezi kuizuia sana sauti isipite ukutani. Trei za mayai zinazobandikwa ukutani kwa imani kwamba zinazuia kelele husaidia kidogo sana hata kwa mwangwi, na zinashika moto upesi.

Kwa mtikisiko wa sakafu, dawa yake ni kuiweka ala juu ya kitu laini, kama zulia zito, mkeka mnene au vipande vya mpira. Umbali nao husaidia: mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu kutoka kwenye ala, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6.

Kuchagua mahali

Nyumba yenye chumba cha ziada ni chache. Mara nyingi mahali pa mazoezi ni sehemu ya chumba cha kulala, sebule, stoo au ua. Mambo yafuatayo huzingatiwa:

* Ukuta wa jirani. Ni afadhali kutumia chumba kisichopakana na chumba cha kulala cha jirani. Kabati lililojaa nguo au rafu iliyojaa vitabu huweza kuwekwa kwenye ukuta huo.
* Ukubwa. Mpiga fidla huhitaji nafasi ya kunyosha mkono wenye upinde bila kugonga kitu, na mpiga trombone huhitaji nafasi mbele yake. Kinanda cha umeme chenye vibonye 61 kina urefu wa karibu mita 1, na chenye vibonye 88 karibu mita 1.3. Piano ya kusimama ina upana wa karibu mita 1.5, na huweza kuwa na uzito wa kilo 200 hadi 300.
* Mwanga na hewa. Chumba kikifungwa madirisha kwa ajili ya kelele hupata joto haraka, hasa chini ya paa la bati lisilo na dari. Vipindi vifupi vyenye mapumziko hufaa.
* Kufikika kwa urahisi. Ala inayotolewa kwa kuhamisha vitu vingi hupigwa mara chache. Kuwa na kiti, stendi ya karatasi za muziki na ala mahali pamoja hupunguza kisingizio cha kuahirisha.

Kupunguza sauti ya ala yenyewe

Ala nyingi zina vifaa vya kupunguza sauti. Fidla huwekewa kibanio kizito cha mpira au chuma juu ya daraja lake, na tarumbeta huzibwa mdomo kwa kizibo maalumu. Ngoma hufunikwa kwa nguo, au mwanafunzi hupigia kwenye kipande cha mpira. Vinanda vya umeme na gitaa la umeme husikika kwa vipokea sauti vya masikioni.

Vifaa hivyo vina kasoro. Kizibo hubadilisha upinzani wa pumzi, na mpiga tarumbeta anayekitumia kila siku huweza kuzoea kupuliza kwa nguvu isiyofaa. Ndiyo maana walimu wengi hushauri kuchanganya mazoezi ya sauti ya chini na yale ya sauti kamili.

Si kila zoezi linahitaji sauti. Kusoma noti, kupiga makofi ya mahadhi, kukariri vidole vinavyokaa na kusikiliza rekodi ni mazoezi yanayoweza kufanyika usiku bila kumwamsha mtu.

Majirani na sheria

Sheria za nchi nyingi huchukulia mazoezi ya muziki kuwa sehemu ya maisha ya kawaida ya nyumbani, lakini yenye mipaka. Nchini Ujerumani, Mahakama Kuu ya Shirikisho iliamua mwaka 2018 kesi ya mpiga tarumbeta aliyeshtakiwa na majirani wake. Mahakama ilisema kwamba mazoezi hayawezi kupigwa marufuku kabisa, ikataja kama mwongozo saa 2 hadi 3 kwa siku za kazi na saa 1 hadi 2 kwa Jumapili na sikukuu, huku saa za mapumziko zikiheshimiwa.

Nchini Kenya kelele husimamiwa na kanuni za mazingira za mwaka 2009, na Tanzania ina kanuni zake za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015. Kanuni hizo hutofautisha mchana na usiku, na maeneo ya makazi na ya biashara.

Katika maisha ya kila siku, hata hivyo, maelewano huwa na nguvu kuliko kanuni. Mwanafunzi anayewaeleza majirani saa zake za mazoezi na kuzifuata hupata malalamiko machache kuliko anayepiga saa yoyote. Katika baadhi ya maeneo ya Afrika Mashariki watu hunyamazisha ala wakati wa adhana, na pia jirani anapofiwa.

Kinga ya masikio

Chumba kidogo chenye kuta tupu hurudisha sauti kwa mpigaji mwenyewe. Taasisi ya Marekani ya Usalama na Afya Kazini (NIOSH) inapendekeza kwamba sikio lisipate wastani wa zaidi ya desibeli 85 kwa saa 8. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda huo hupungua kwa nusu: desibeli 88 kwa saa 4, desibeli 91 kwa saa 2, desibeli 94 kwa saa 1.

Ngoma na ala za shaba katika chumba kidogo hupita viwango hivyo kwa urahisi. Fidla pia, kwa kuwa hukaa karibu na sikio la kushoto, huweza kulidhuru sikio hilo zaidi. Mlio masikioni baada ya mazoezi ni dalili ya hatari. Uziwi unaotokana na kelele haurudi nyuma, hivyo mapumziko, vizibo vya masikio na mapazia ya kupunguza mwangwi ni kinga ya lazima kwa anayepiga kila siku.

Kuhifadhi ala

Adui wakubwa wa ala ni unyevu, joto, wadudu na ajali.

Mbao hunywa unyevu wa hewa na kuvimba, kisha hewa ikikauka husinyaa. Watengenezaji wengi wa ala za mbao hupendekeza unyevu wa hewa wa asilimia 40 hadi 60. Pwani ya Afrika Mashariki, kwa mfano Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam, unyevu mara nyingi hupita asilimia 70, kiwango ambacho huruhusu kuvu kuota kwenye mbao, ngozi na ndani ya mkoba. Udi au gitaa lililozoea pwani likipelekwa penye hewa kavu kama Dodoma wakati wa kiangazi huweza kupasuka ubao wa mbele. Vipakiti vya silika ndani ya mkoba hupunguza unyevu, lakini lazima vikaushwe au vibadilishwe.

Joto hudhuru hasa gundi. Ala nyingi za mbao huunganishwa kwa gundi ya wanyama, ambayo hulainika kwa joto. Gari lililofungwa juani linatosha kubandua daraja la gitaa au shingo ya fidla. Kwa hiyo ala haiwekwi kwenye gari, karibu na jiko, dirishani penye jua wala moja kwa moja chini ya bati.

Mchwa hupanda kutoka sakafuni na ukutani, bungua hutoboa mbao, na panya hutafuna ngozi za ngoma. Ala hutundikwa au kuwekwa juu ya rafu, mbali kidogo na ukuta wa nje, na hukaguliwa mara kwa mara.

Kila aina ina mahitaji yake:

* Fidla na ala nyingine za upinde: nywele za upinde hulegezwa baada ya kupiga. Nyuzi zote hazilegezwi kwa pamoja, kwa sababu kijiti kilichosimama ndani ya kasha huweza kuanguka.
* Udi: mgongo wake wa duara umeundwa kwa vipande vyembamba vya mbao, hivyo hauegemezwi ukutani bila stendi, huteleza na kuvunjika.
* Kanuni: ina nyuzi zaidi ya 70, na daraja lake hukaa juu ya ngozi. Huhifadhiwa katika kasha gumu, bila kitu juu yake.
* Ngoma: ngozi hulegea kwa unyevu, ndiyo maana huanikwa juani au kusogezwa karibu na moto kabla ya kupigwa. Ikikaushwa kupita kiasi hupasuka.
* Ala za shaba na filimbi: maji ya pumzi hutolewa na ala kufutwa kabla ya kufungwa kwenye mkoba.
* Vinanda vya umeme: hufunikwa dhidi ya vumbi, na huchomolewa umeme unapokatika au wakati wa radi.

Nyumba za kupanga na njia nyingine

Katika nyumba za Kiswahili za mijini, zenye ukumbi katikati na vyumba pande zote mbili, familia kadhaa hushiriki paa moja. Pale ambapo hakuna dari, sauti hupita juu ya kuta zote. Hapo mazoezi hufaa kufanyika uani mchana, wapangaji wengi wanapokuwa kazini, na ala ndogo hutundikwa ukutani ili zisichukue nafasi ya kulala.

Njia ya zamani ya kutatua tatizo hili ni kuwa na mahali pa pamoja. Huko Zanzibar vikundi vya taarab kama Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club, kilichoanzishwa mwaka 1958, vimekuwa mahali pa wanachama kukutana na kufanya mazoezi. Kwaya na bendi za tarumbeta za makanisa hufanya vivyo hivyo katika majengo ya ibada. Mtu asiye na chumba wala uwezo wa kununua ala hupata vyote viwili katika jumuiya, ilmradi kuwe na mtu anayeshika ufunguo na orodha ya ala. Mazoezi ya peke yake hubaki nyumbani, lakini kwa ala zenye kelele au zinazochukua nafasi kubwa, mahali pa pamoja mara nyingi ndiyo njia pekee ya kujifunza.

Tazama pia

* Ala ya muziki
* Taarab
* Udi (ala ya muziki)
* Ngoma
* Uchafuzi wa kelele