Je, Wajua? Viti vya Baraza na Amani ya Visiwani

Wasomaji wa Ruharo, Mbarara mjini na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wiki hii safu yetu inavuka maji hadi Zanzibar. Miongoni mwenu wapo Warundi waliokimbia baada ya mzozo wa muhula wa tatu wa rais wao mwaka 2015. Uganda pia iliwapokea Wakenya waliovuka mpaka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Mnajua vizuri kwamba matokeo ya uchaguzi yanaweza kumfanya mtu alale kwake au akalale ugenini. Historia ya mabaraza ya Zanzibar inafundisha hilo kwa tarakimu.

Je, wajua kwamba Zanzibar ina baraza lake la kutunga sheria? Ni sehemu ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania tangu tarehe 26 Aprili 1964, lakini ina Rais wake, mahakama zake na Baraza la Wawakilishi linalokutana Chukwani, nje kidogo ya mji. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Visiwani, na wengi mno ni Waislamu.

Je, wajua kwamba siku ya uchaguzi mkuu Mzanzibari hupewa karatasi tano za kura? Humchagua Rais wa Zanzibar, mwakilishi, diwani, Rais wa Muungano na mbunge. Isitoshe, wawakilishi wenyewe huchagua wenzao watano kwenda kukaa katika Bunge la Muungano.

Je, wajua kwamba uchaguzi wa kwanza wa Visiwani ulikuwa wa viti sita tu? Ulifanyika Julai 1957, wakati wa Mwingereza na Sultani. Abeid Amani Karume alimshinda Ali Muhsin, kiongozi wa chama cha Hizbu, katika jimbo la Ng'ambo, na Hizbu haikuambulia hata kiti kimoja. Wanawake hawakuruhusiwa kupiga kura. Walianza mwaka 1961.

Je, wajua kwamba kura moja iliwahi kuifungia Zanzibar njia ya kuunda serikali? Januari 1961 viti vilikuwa 22. Chama cha Afro-Shirazi (ASP) kilipata 10, Hizbu 9, na chama cha ZPPP cha Mohamed Shamte 3. Kiti cha Chake Chake, kisiwani Pemba, ASP ilikichukua kwa tofauti ya kura moja. Kisha watu wa ZPPP wakagawanyika: wawili wakaenda na Hizbu, mmoja akaenda ASP. Ikawa 11 kwa 11. Hakuna aliyeweza kutawala, na uchaguzi ukaitishwa upya baada ya miezi mitano. Anayesema kura yake haina uzito atajiwe Chake Chake.

Je, wajua kwamba uchaguzi huo wa marudio ulimwaga damu? Jimbo moja liliongezwa ili kuepuka sare, viti vikawa 23. Mwezi Juni 1961 ASP ilipata 10, Hizbu 10 na ZPPP 3, na safari hii ZPPP na Hizbu zikaunda serikali. Ghasia zilizoanza siku ya kupiga kura ziliua watu 68.

Je, wajua kwamba chama kilichopata kura nyingi zaidi mwaka 1963 kilibaki nje ya serikali? Julai mwaka huo ASP ilipata takriban asilimia 54 ya kura zote, lakini viti 13 tu kati ya 31. Hizbu ilipata 12 na ZPPP 6, jumla 18. Sababu ni mfumo wa majimbo: ASP ilishinda kwa kishindo katika ngome zake, na kura zote za ziada hazikuzaa kiti kingine. Wapinzani wake walishinda majimbo mengi kwa tofauti ndogo. Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba 1963, Shamte akiwa Waziri Mkuu. Mapinduzi yaliyoiangusha serikali hiyo yalikuja tarehe 12 Januari 1964, siku 33 baadaye.

Je, wajua kwamba Mganda alikuwa mstari wa mbele katika Mapinduzi hayo? John Okello alizaliwa Lango, kaskazini mwa Uganda. Alijitangaza jemadari na sauti yake ikasikika redioni siku zile za mwanzo. Miezi michache baadaye serikali mpya ilimfukuza Visiwani.

Je, wajua kwamba baada ya hapo Zanzibar ilikaa miaka mingi bila baraza la kuchaguliwa? Baraza la Mapinduzi ndilo lililotawala na kutunga sheria. Baraza la Wawakilishi lilianza kazi mwaka 1980, na uchaguzi wa vyama vingi ukarudi mwaka 1995.

Je, wajua jinsi kisiwa kimoja kilivyoweza kupiga kura kwa sauti moja? Mwaka 1995 chama cha upinzani, CUF, kilizoa viti vyote 21 vya Pemba. Matokeo ya Visiwa vyote yakawa chama tawala, CCM, 26, CUF 24. Katika urais, Salmin Amour wa CCM alitangazwa kupata kura 165,271 na Seif Sharif Hamad wa CUF 163,706. Tofauti haikufika kura 1,600. CUF ilikataa matokeo, na wawakilishi wake wakasusia vikao kwa miaka kadhaa.

Je, wajua kwamba Wazanzibari nao waliwahi kuwa wakimbizi? Uchaguzi wa Oktoba 2000 ulivurugika, majimbo 16 yakarudia kura, CUF ikasusia marudio hayo. CCM ilimaliza na viti 34, CUF 16. Tarehe 26 na 27 Januari 2001 polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji wa CUF. Tume ya serikali chini ya Hashim Mbita ilihesabu vifo 31. Zaidi ya watu 2,000, wengi wao Wapemba, walipanda majahazi na ngalawa hadi Shimoni, pwani ya Kenya. Wengi walirudi kwao baada ya vyama hivyo viwili kutia saini Muafaka tarehe 10 Oktoba 2001. Nyinyi wa Nakivale mnajua thamani ya neno hilo, kurudi.

Je, wajua kwamba watu waliwahi kupiga kura ili ziharibike? Katika chaguzi ndogo za Pemba, Mei 2003, wagombea sita wa CUF wa nafasi ya uwakilishi walienguliwa. Wafuasi wao hawakukaa nyumbani. Walipanga foleni, wakachukua karatasi, wakaziharibu kwa makusudi. Pemba waliziita kura za maruhani, yaani za pepo. Katika majimbo mengine CUF ilishinda viti 11.

Je, wajua kwamba Wazanzibari walipigia kura amani yenyewe? Tarehe 31 Julai 2010 asilimia 66.4 walisema ndiyo kwa Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Miezi mitatu baadaye Ali Mohamed Shein wa CCM alimshinda Seif kwa asilimia 50.1 dhidi ya 49.1. Barazani CCM ilipata 28, CUF 22. Tofauti ilikuwa ndogo tena, lakini hakuna aliyekimbilia Shimoni. Seif aliapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais, na uwaziri uligawanywa kwa uwiano wa viti vya Baraza. Aliyeshindwa alikuwa na mahali pa kukaa.

Je, wajua kwamba kura za siku moja, katika vituo vilevile, ziliwahi kufutwa kwa sehemu tu? Baada ya uchaguzi wa tarehe 25 Oktoba 2015, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, alifuta matokeo ya urais wa Zanzibar, uwakilishi na udiwani. Matokeo ya Muungano yakabaki halali. CUF ilisusia marudio ya tarehe 20 Machi 2016, na CCM ikatawala Baraza karibu peke yake. Mwaka 2020 CCM ilitangazwa kushinda majimbo 46 na ACT-Wazalendo, chama kipya cha Seif, majimbo manne.

Je, wajua kwamba Zanzibar ina viti 20 maalumu vya wanawake, sawa na asilimia 40 ya majimbo 50? Linganisha na Somaliland, wanakotoka baadhi ya Wasomali: uchaguzi wa bunge wa tarehe 31 Mei 2021 ulileta viti 31 kwa Waddani, 30 kwa Kulmiye na 21 kwa UCID, na hakuna mwanamke hata mmoja aliyeshinda. Katika Kurdistan ya Iraq sheria inawatengea wanawake asilimia 30 ya viti vya bunge.

Je, wajua kwamba Aceh, jimbo la Waislamu lenye mamlaka ya ndani huko Indonesia, lilitoka vitani hadi kwenye sanduku la kura? Mkataba wa Helsinki wa 2005 ulikiruhusu chama cha wapiganaji wa zamani kugombea. Mwaka 2009 Partai Aceh ilipata viti 33 kati ya 69.

Mwisho, je, wajua kwamba mkimbizi aliye Uganda ana kura? Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inamkataza kujihusisha na siasa za nchi, lakini Nakivale mna mabaraza yenu ya wakimbizi, kuanzia kijiji hadi makazi yote, ambayo nyinyi wenyewe huyachagua. Siku ya kuyachagua ikifika, jitokezeni wake kwa waume. Bakini mpaka kura zihesabiwe mbele ya macho yenu. Na atakayeshinda amwite aliyeshindwa wafanye kazi pamoja, kwa sababu wote wawili wanaishi kijiji kimoja.