Kuomba nafasi shule ya bweni ya muziki: Usimfiche kijana wako kwenye fomu

Wazazi kadhaa huko nyumbani Pwani wamenipigia simu wakiuliza jambo moja. Je, ni kweli Marekani kuna shule za bweni zinazofundisha muziki vijana wenye ulemavu wa akili? Na mtu huombaje nafasi? Mimi ni mzaliwa wa Majengo, Mombasa, na kwa miaka mingi naishi jimbo la Massachusetts. Mwaka jana nilimsaidia mdogo wangu, ambaye pia anaishi huku, kumwombea mwanawe wa miaka 19 nafasi katika shule ya aina hiyo. Naeleza hatua zenyewe, maana mengi yatamfaa hata mzazi asiye na mpango wa kuvuka bahari.

Shule hizi zipo, ila ni chache. Mojawapo inayojulikana sana ni Berkshire Hills Music Academy, katika mji wa South Hadley, Massachusetts, iliyofunguliwa mwaka 2001. Chimbuko lake ni wazazi wa watoto wenye hali iitwayo Williams, ambayo mtu huzaliwa nayo kwa kukosa sehemu ndogo ya kromosomu ya 7. Wengi wenye hali hiyo hupata shida ya hesabu na hata ya kufunga vifungo vya shati, lakini ni wachangamfu na hupenda muziki mno. Wazazi waliona watoto wao wakimaliza shule kisha wakikaa nyumbani bila la kufanya. Leo vijana wenye usonji na ulemavu mwingine pia husoma hapo.

Jambo la kwanza kuelewa ni kwamba shule kama hii hufundisha vitu viwili. Kuna muziki, na kuna maisha: kupika, kufua, kutumia pesa, kupanda basi, kuishi na mwenzako chumbani. Kwa hivyo hata maombi yana sehemu mbili, na wazazi wengi hujiandaa kwa ile ya muziki pekee.

Upande wa muziki ulikuwa mwepesi kuliko tulivyodhani. Tuliombwa video. Kijana wetu hapigi kinanda kwa kusoma nota; amejifunza kwa kusikiliza taarabu za harusini. Tulimrekodi mara mbili, akipiga peke yake na akipiga pamoja na wengine. Ile ya pili ndiyo iliyoulizwa zaidi: je, huwasikiliza wenzake? Akikosea, huendelea au huacha? Akiambiwa asimame, husimama? Msiikatekate video ili ipendeze. Mwalimu anataka kujua ataanzia wapi.

Kisha kuna stakabadhi. Tulitakiwa kuwa na ripoti ya tathmini ya mwanasaikolojia isiyo ya zamani, ripoti za shule, orodha ya dawa kutoka kwa daktari, na barua za watu wasio jamaa wanaomfahamu kijana. Tathmini ndiyo iliyochukua muda mrefu, basi anzeni nayo.

Sehemu ngumu ni fomu ya maisha ya kila siku. Anaoga mwenyewe? Anakumbuka dawa? Akikasirika hufanya nini? Je, usiku huwa kuna tatizo? Hapo mdogo wangu alikwama. Kijana ana kifafa, na mara nyingine humjia akiwa usingizini. Mamake aliandika, "Usiku hana shida."

Nilipomuuliza alinijibu, "Dada, wakijua hili hawatamchukua."

Nilimwambia, "Na wakimchukua bila kujua, usiku huo nani atakuwa macho?"

Alinyamaza kitambo, kisha akalifuta jibu lile na kuandika mistari mitatu: kifafa humjia mara ngapi, hukaa dakika ngapi, na yeye humfanyia nini. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Shule ilipopiga simu, mwuguzi aliuliza saa za dawa na kama kijana huamka akiwa amechanganyikiwa. Alipokwenda kwa siku za majaribio, alipewa chumba kilicho karibu na cha msimamizi wa zamu. Ukweli ule ndio uliompa usiku wa salama.

Lipo jingine linalowashangaza wazazi. Akishatimiza miaka 18, kisheria kijana ni mtu mzima. Kama mahakama haijakuteua kuwa mlezi wake, yeye ndiye anayetia sahihi. Kwenye mahojiano mamake aliombwa asubiri nje. Kijana aliulizwa kama yeye mwenyewe anataka kuishi mbali na nyumbani. Alijibu kwamba anataka, mradi kinanda kiwe chumbani na mama apige simu kila Ijumaa. Basi zungumzeni naye mapema. Shule haiwezi kumsaidia kijana ambaye hakuulizwa.

Kuhusu pesa, gharama ni kubwa, kwani mnalipia masomo, bweni na wahudumu. Ombeni mchanganuo kwa maandishi. Kwa familia zenye uraia au ukaazi wa kudumu Marekani, sheria ya mwaka 2008 iliruhusu wanafunzi wenye ulemavu wa akili kupata ruzuku ya serikali hata bila cheti cha sekondari, lakini katika programu zilizoidhinishwa tu. Anayeomba kutoka Kenya aulize kwanza, kabla ya kulipa ada yoyote, kama shule imeidhinishwa kutoa fomu ya I-20. Bila fomu hiyo hakuna viza ya mwanafunzi, na ubalozi utataka kuona uwezo wako wa kulipa.

Kwa mzazi aliye Kilifi, Kwale au Lamu, kuna kazi unayoweza kuanza sasa. Mpeleke kijana katika kituo cha serikali cha tathmini ya elimu maalumu kilicho karibu nawe. Msajili kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Akifika miaka 18, mchukulie kitambulisho. Kisha nunua daftari, na kwa mwezi mmodi andika kila jioni alilofanya mwenyewe, alilosaidiwa, na lililomshinda. Usiandike kwa kumsifu wala kwa kumwonea haya.

Daftari hilo litajibu fomu ya chuo chochote, cha Marekani au cha hapo nyumbani. Na siku ambayo wewe mzazi hutakuwepo, atakayebaki naye atajua pa kuanzia.