Bei Imesimama, Sahani Inapungua

Katika hoteli ndogo za Wasso, wali maharage hupimwa kwa bakuli na upawa. Mpishi huchota wali sufuriani, hujaza bakuli, kisha huupindua juu ya sahani ukatoka kichuguu. Akiushindilia kwa mwiko kabla ya kuupindua, kichuguu huwa kizito. Akiujaza bila kuushindilia, umbo hutoka lilelile lakini punje zimepungua. Bei haijaguswa, bakuli halijabadilishwa. Mteja aliyetoka Enguserosambu kumuuguza ndugu yake Hospitali ya Wasso anaona sahani aliyoizoea. Saa tisa alasiri tumbo linamweleza jambo ambalo macho hayakuliona.

Je, kula hotelini mjini bado kunalipa? Kwa mwenye jiko nyumbani, hilo ni swali la starehe. Kwa watu wa kata ya Enguserosambu, wilayani Ngorongoro, uzito wake ni mwingine. Wanaoshuka Wasso kwa ajili ya hospitali na ofisi za serikali, wanaokwenda Karatu kutafuta kibarua, na vijana wanaolinda maduka na nyumba za Arusha usiku kucha hawana jiko huko waliko. Hoteli ndiyo jiko lao. Ubora wake ukishuka, hawana pa kukimbilia. Kwa hiyo inafaa kuchunguza unashukaje, na kwa nini unashuka bila kelele.

Chakula cha kununua huuzwa kwa njia mbili. Nyama choma huuzwa kwa mizani: robo, nusu, kilo. Ng'ombe akipanda bei, bei ya kilo hupanda siku hiyohiyo, mlaji akaguna, akaagiza robo badala ya nusu. Amejua alichopoteza. Sahani ya wali au ugali huuzwa kwa mazoea. Mlaji ananunua "sahani", na neno hilo halina gramu. Gharama ya mpishi ikipanda, ana milango miwili ya kutokea: kupandisha bei au kupunguza chakula. Mlango wa kwanza unaonekana na kila mtu. Wa pili haumgharimu hata mteja mmoja kwa siku hiyo.

Mlango gani utatumika hutegemea mteja ni nani. Mwaka 2011 maelfu ya watu walifurika Samunge, wilayani humohumo, kunywa kikombe cha dawa cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Bei ya chakula na maji kandokando ya misafara ile ilipaa waziwazi, kwa sababu mnunuzi alikuwa mpita njia aliyekwama na muuzaji hakutarajia kumwona tena. Hoteli ya Wasso au ya mtaani Arusha huishi kwa wateja wa kila siku. Mpishi akipandisha bei peke yake, kesho watakula kwa jirani. Akipunguza maharage kidogo, kesho watarudi. Ushindani unaosemwa kwamba humlinda mlaji, hapa unailinda bei tu, na chakula hakina mlinzi.

Fedha yenyewe inachangia. Katika biashara ya sahani, hatua ya kawaida ya kupandisha bei ni shilingi 500, yaani sarafu moja, ile iliyoingizwa katika mzunguko mwaka 2014. Sahani ya 2,000 haipandi ikawa 2,080. Hungoja mpaka iweze kuwa 2,500, ambayo ni nyongeza ya asilimia 25 kwa mkupuo. Tuchukue gharama za mpishi zinazopanda asilimia 5 kwa mwaka. Zitahitaji zaidi ya miaka minne kufikia ngazi hiyo. Mwishoni mwa mwaka wa nne zitakuwa zimepanda karibu asilimia 22, na sahani iliyobeba mzigo wote peke yake itakuwa imebaki na takriban asilimia 82 ya chakula chake cha mwanzo. Ndipo bei inaruka, sahani inajazwa upya kwa muda, na mteremko unaanza tena.

Tena upungufu hauwi sawa kwa kila kilichomo. Hakuna mpishi anayepunguza vyote kwa uwiano mmoja, kwa sababu vyote havina bei moja. Nyama hutangulia: vipande vitatu vinakuwa viwili, viwili vinakuwa kimoja, kisha jina "ugali nyama" linabaki likibebwa na mchuzi. Maharage hufuata: upawa unachotwa juujuu badala ya chini sufuriani. Mchuzi unaongezwa maji na kukolezwa rangi kwa nyanya ya kopo. Ugali na wali, ambavyo ndivyo vinavyojaza macho, hupunguzwa mwisho. Kwa hiyo sahani iliyopoteza asilimia 18 ya thamani inaweza kuwa imepoteza sehemu kubwa zaidi ya kile kinachojenga mwili.

Gharama zinazomsukuma mpishi zinatoka wapi? Kwanza, umbali. Loliondo, eneo zilimo Wasso na Enguserosambu, hulima mahindi na maharage, lakini mchele wake kwa kawaida hutoka nje, katika maeneo kama Mto wa Mbu na Magugu, na vitunguu hutoka Mang'ola, Karatu. Kutoka Arusha hadi Wasso ni zaidi ya kilomita 300. Lami ya kipande cha Wasso hadi Sale, kilomita 49, ilipunguza adha, ila mwendo uliobaki bado unakula matairi, springi na dizeli. Orodha ya bei kikomo ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kwa kawaida huweka mafuta ya Loliondo juu ya yale ya Arusha mjini, maana nayo husafirishwa kwa barabara zilezile. Mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, petroli Dar es Salaam ilifika shilingi 3,410 kwa lita mwezi Agosti, hata baada ya serikali kutenga ruzuku ya shilingi bilioni 100 mwezi Juni. Bei ya dunia ilipotulia, pampu ilishuka kiasi. Lakini nauli ya gunia ikishazoeleka huwa nzito kushuka.

Pili, mafuta ya kupikia. Mwanzoni mwa muongo huu Tanzania ilikuwa ikizalisha chini ya nusu ya mafuta ya kula inayoyahitaji, yaliyosalia yaliagizwa. Aprili 2022 Indonesia ilipozuia mawese yake kuuzwa nje, mshtuko huo ulisafiri hadi kwenye kikaango cha muuza chipsi. Naye alikuwa na njia moja ya kuuhimili: kutumia mafuta yaleyale mara nyingi zaidi. Mafuta yanayochemshwa tena na tena huwa meusi, mazito, na hujenga kemikali zinazodhuru mwili. Hapo bei imesimama, ujazo umesimama, na kilichoshuka ni usalama wa chakula chenyewe. Bakuli na macho haviwezi kugundua upungufu wa aina hii.

Tatu, moto. Maharage makavu huhitaji saa mbili au tatu jikoni, na kila saa ni kuni au mkaa. Sera imeanza kusukuma upande wa pili: taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 zilitakiwa kuacha kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024, na mkakati wa taifa wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi. Kwa wananchi wa Enguserosambu, ambao msitu wao wa mitarakwa na mizeituni mwitu ndio chanzo cha maji yao, hoja ya kulinda miti haihitaji kuhubiriwa. Lakini mama lishe hununua nishati kwa kipimo cha siku, na mtungi wa gesi hudai fedha nyingi kwa mara moja. Anayebana moto hutia magadi sufuriani. Magadi hulainisha maharage haraka na kuokoa kuni. Pia huharibu sehemu ya vitamini B1 iliyomo. Akiba ya jikoni inalipwa na mwili wa mlaji.

Nne, ng'ombe. Mgeni angetegemea nyama iwe nafuu katika nchi ya wafugaji. Ukame huvuruga hesabu hiyo mara mbili. Wakati wa ukame, kama ule wa 2021 hadi 2022 uliomaliza mifugo mingi kaskazini mwa Tanzania, ng'ombe aliyekonda hushuka bei huku gunia la mahindi likipanda. Mfugaji anauza wengi kupata kidogo. Mvua zikirudi, waliosalia ni wachache na kila mwenye boma anawazuia wazae, hivyo nyama inapanda. Mnunuzi wa ng'ombe toka Kenya naye yuko karibu. Juu ya hayo, Juni 2022 serikali iliweka mipaka katika eneo la kilomita za mraba 1,500 la Pololeti, wilayani humo, na kulifunga lisitumike kwa malisho. Serikali ilitaja uhifadhi wa vyanzo vya maji na mapito ya wanyama. Wananchi walilalamikia kupoteza malisho ya kiangazi. Mifugo iliyokosa eneo lile haikutoweka. Ilihamia kwenye majani yaliyobaki, na majani yakigawanywa kwa wengi, maziwa hupungua kwa wote.

Sasa mshahara wa mlaji. Amri ya Mishahara ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka kima cha chini cha mlinzi wa kampuni ndogo kuwa shilingi 148,000 kwa mwezi, kutoka 100,000 za amri ya 2013. Akila sahani mbili za 2,000 kwa siku, bila chai wala chapati, anatumia 120,000 kwa mwezi, ambayo ni asilimia 81 ya mshahara huo. Zinabaki 28,000 za chumba, nauli, sabuni, vocha na nyumbani. Oktoba 2025 ilitangazwa nyongeza ya wastani wa asilimia 33.4 kwa sekta binafsi, kuanzia Januari 2026. Tukitumia wastani huo kama mfano, 148,000 inakuwa karibu 197,000, nyongeza ya 49,000. Sahani ikipanda ngazi moja tu, kutoka 2,000 hadi 2,500, inachukua 30,000 kati ya hizo. Nyongeza ya mshahara hufika mara moja kwa miaka kadhaa. Upawa hubadilika wakati wowote.

Jibu la haraka ni kwamba apike mwenyewe. Hesabu haikubali kirahisi. Sufuria ya watu thelathini hutumia moto kidogo kwa kila mtu. Sufuria ya mtu mmoja hutumia karibu moto wa watu wanne. Hiyo ndiyo sababu hoteli zilianza kuwa nafuu kuliko jiko la mpweke. Walinzi wanaopanga chumba kimoja na kupika kwa kuchangia hupata nafuu ya kweli, mradi zamu zao zifanane. Zamu zikibadilishwa, au mmoja akihamishiwa lindo la upande mwingine wa jiji, chungu kinavunjika na wote wanarudi kwa mama ntilie.

Kwa nini basi takwimu hazipigi kengele? Fahirisi ya bei ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu yenye kizio cha mwaka 2020 hutoa uzito wa asilimia 28.2 kwa chakula na vinywaji visivyo na kilevi, na 6.6 kwa migahawa na malazi. Mfumuko wa jumla ulifika asilimia 4.9 Januari 2023, huku ule wa chakula ukikaribia 10. Pakiti ya unga ina uzito uliochapishwa juu yake. Ikitoka kilo mbili kuwa moja na nusu, mkusanya takwimu atajua. Sahani haina maandishi. Ikibaki 2,000 huku ikipoteza kipande cha nyama, rekodi inayotegemea bei iliyoandikwa ukutani itasema hakuna kilichotokea. Dawa ya hili ni ndogo na ipo: kununua sahani zilezile katika miji ileile kila mwezi, kuzipima kwa gramu, nyama na maharage kando, kisha kutangaza bei ya gramu. Mpaka hapo tunapima karatasi ya bei na kuamini tumepima chakula.

Kula hotelini kunalipa pale sahani inaporudisha nguvu za kutosha kuitafuta sahani inayofuata. Kwa kipimo hicho, sahani ya pili ya siku ndiyo inayoanguka kwanza. Mlinzi huanza kupiga pasi ndefu: halali njaa, hashibi, anakula mara moja tu, alasiri, kabla ya kuingia zamu. Kwa siku 30 sahani iliyorukwa inaokoa 60,000. Fedha hizo hazikai mfukoni mwake. Zinatumwa kwa simu hadi Enguserosambu, ambako maziwa yamepungua na boma sasa linanunua mahindi, na huko zinapokelewa kwa shukrani, kama dalili kwamba kijana yuko mjini na anakula vizuri.