Ini Jipya Halitaki Kulazwa Kitini

Mimi ni mtu wa mashine, si daktari. Lakini tangu mjomba wangu anayeishi hapa Uingereza apandikizwe ini, nimesoma habari za homa ya ini C karibu kuliko tasnifu yangu. Basi niwagawie kidogo.

Kirusi hiki kiligunduliwa mwaka 1989. Kinaambukizwa kwa damu: sindano zilizokwisha tumika, nyembe, na damu ya kuongezewa isiyopimwa. Kinaweza kukaa mwilini miaka 20 bila dalili, huku kikilijaza ini makovu. Ini likishindwa kabisa, linabaki suala la kupandikizwa jingine.

Jamani, kubadilisha ini peke yake hakutoshi. Kama kirusi bado kimo kwenye damu, ini jipya nalo huambukizwa. Ni sawa na kufunga pampu mpya kwenye bomba la maji machafu yale yale. Zamani tiba ilikuwa sindano za interferoni na vidonge vya ribavirini, kwa miezi 6 hadi 12. Haikuwa mchezo: homa, huzuni, upungufu wa damu, na wengi hawakupona. Mwisho wa 2013 Marekani iliidhinisha sofosbuviri, mambo yakageuka. Leo vidonge vya kunywa, kwa kawaida wiki 8 hadi 12, vinaponya zaidi ya watu 90 katika kila 100, hata waliokwisha pandikizwa.

Sasa kirusi kimeondoka, nguvu je? Maradhi ya miaka yameshakula misuli. Dawa za kuzuia mwili usilikatae ini, hasa steroidi, hudhoofisha misuli na mifupa. Hapo dawa ni mazoezi: kutembea kidogo kidogo tangu wodini, kisha kupanda polepole hadi dakika 150 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya misuli. Kunyanyua vitu vizito kusubiri ruhusa ya daktari, maana mshono wa tumbo ni mkubwa.

Na hapa breki ni sisi jamaa. Tukienda kumjulia hali, kila mtu: "Pumzika mjomba, usijichoshe, nikuletee nini?" Ni heshima, lakini inamfunga kitini. Siku hizi nikifika namwambia, "Shikamoo mjomba, vaa viatu," tunakwenda dukani kwa miguu. Chris Klug wa Marekani alipandikizwa ini mwaka 2000, ingawa kwa ugonjwa mwingine. Februari 2002 akapata medali ya shaba ya Olimpiki kule Salt Lake City, kwa kuteleza kwenye theluji!

Nawe msomaji, kumbuka homa ya ini C haina chanjo. Nenda kwa daktari ukapimwe. Kipimo cha kwanza kinaonyesha kama uliwahi kuambukizwa. Cha pili kama kirusi bado kipo. Heri kutibiwa sasa, ini likiwa bado ni lako.